Kupima Bila Kutibu ni Nusu ya Haki

Saratani ya shingo ya kizazi haizuki usiku mmoja. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, huchukua miaka 15 hadi 20 kujijenga. Kwa aishiye na VVU asiyetibiwa, huenda ikawa 5 hadi 10. Muda huo ndio mtaji wetu, nasi tunauachia upotee.

Kipimo cha Pap huchukua chembechembe na kuzipeleka maabara. Hueleza kama seli zimebadilika na kwa uzito gani, lakini hakionyeshi doa limeenea hadi wapi. Mwenye majibu ya shaka hana budi kurudi achunguzwe kwa darubini, pengine akatwe kinyama. Mchuma chai wa Rungwe hulipa nauli hadi Tukuyu, kisha hungoja. Akielekezwa Mbeya, ni takriban kilomita 70 zaidi. Wengine huishia njiani.

Kwa hiyo uchunguzi kwa siki, unaoonyesha doa jeupe papo hapo na kuruhusu tiba siku ileile, usidharauliwe. Una upungufu: hutegemea jicho la muuguzi, na haufai sana kwa waliokoma hedhi. Hata hivyo, jibu lake halipotei.

Lengo la Shirika la Afya Duniani kufikia 2030 si asilimia 70 ya wanawake wapimwe tu, bali pia asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Waheshimiwa madiwani na watendaji wa halmashauri, ripoti zenu zituoneshe tarakimu hiyo ya pili.