Udi Hauna Deni la Hesabu

Kila mkutano wa wazazi ninaoalikwa kuzungumzia muziki shuleni, sentensi ileile husemwa kabla sijapata pa kukaa: mtoto anayejifunza kinanda hufaulu hesabu. Mara nyingi anayeisema ni mwalimu wa muziki mwenyewe, na huisema kwa nia njema, maana mbele yake yupo mwalimu mkuu anayekitaka kipindi kile kiende kwa sayansi. Nimeisikia mno. Toleo hili nimelikusanya kwa sababu nataka tuiache.

Habari za utafiti wa 1993 kuhusu muziki wa Mozart sizirudii. Ule ulikuwa utafiti wa kusikiliza, wala si wa kujifunza, na athari yake haikuvuka robo saa. Utafiti unaostahili kujibiwa ni wa Glenn Schellenberg, Toronto, 2004. Watoto 144 wa miaka sita waligawanywa kwa kura: wengine kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, na wengine wakasubiri zamu yao hadi mwaka uliofuata. Baada ya wiki 36, alama za kipimo cha akili zilipanda kwa kila kundi, kwani watoto ndio kwanza walikuwa wameingia darasa la kwanza. Waliojifunza muziki walipanda 7, wasiojifunza 4.3. Tofauti haifiki alama tatu, na juu ya alama hizo tumejenga miaka ishirini ya utetezi.

Naomba tulitazame kundi la maigizo, ambalo wenzetu hulipita haraka. Akili yao haikupanda kuliko ya waliosubiri, lakini ndio pekee walioonyesha kwamba wamejifunza kuishi vizuri zaidi na wenzao. Mzazi wa kweli, mwenye mtoto anayepigana kila siku uwanjani, angechagua lipi? Bado sijaona shule iliyofungua darasa la maigizo kwa sababu ya utafiti ule. Tulichukua namba iliyofanana na mtihani, tukaacha iliyofanana na maisha.

Kisha yakaja matokeo mengine. Mwaka 2015 Uingereza ilitoa matokeo ya jaribio la shule 19 za msingi: waliofundishwa muziki hawakuwazidi wa maigizo katika hesabu wala kusoma. Mwaka 2016, huko Uswidi, mapacha wa kufanana walilinganishwa, na aliyefanya mazoezi mengi zaidi ya muziki hakuonekana kuwa na akili zaidi kuliko nduguye. Mwaka 2020 watafiti Sala na Gobet walikusanya tafiti 54, zenye watoto 6,984, wakakuta kwamba kadiri utafiti ulivyopangwa vizuri, kwa kura na kwa kundi la ulinganisho lililopewa shughuli nyingine, ndivyo faida ilivyokaribia sifuri. Schellenberg mwenyewe siku hizi ni miongoni mwa wanaowakemea wanasayansi wanaoona vitu viwili pamoja wakasema kimoja kimezaa kingine. Watoto wa kinanda wana akili, ndiyo. Lakini nani hupelekwa kwenye kinanda? Ni mtoto wa mzazi aliyesoma, mwenye ada na usafiri, na mara nyingi mtoto ambaye tayari anapenda kujua mambo.

Ninachokiogopa ni hiki: anayeomba kipindi kwa ahadi ya hesabu atanyang'anywa kipindi kwa hesabu hizohizo. Akishakubali kwamba muziki ni mtumishi, itatosha mtu mmoja kuleta ripoti inayoonyesha mtumishi mwingine wa bei nafuu.

Mwaka jana nilikaa alasiri nzima katika darasa la udi, Mji Mkongwe, Unguja. Mvulana wa miaka kama kumi, aliyeanzia kwenye kinanda, alikuwa akipandisha ngazi ya noti iitwayo Rasti. Wapenzi wa taarabu mnajua shida ilipo: ukianzia Do, noti ya tatu inakaa kati ya kibonye cheusi na cheupe, na kinanda hakina kibonye chake. Shingo ya udi haina alama za kumwonyesha mpigaji pa kubonyeza. Kidole cha mvulana kilikuwa kikipanda juu, kwenye noti ya kinanda aliyoizoea. Mwalimu hakumwambia kitu. Alipiga mwenyewe, akanyamaza, akapiga tena. Mara ya tano au ya sita kidole kilirudi nyuma upana wa ukucha, na mvulana akakiacha pale, akaipiga noti ile peke yake, mara nyingi, macho ameyafumba. Sijui kama alama zake za hesabu zimepanda, na sikumuuliza mwalimu. Nilikuwa namtazama mtoto akijifunza kusikia kitu ambacho saa moja kabla hakikuwepo kwake. Hiyo ni akili, na ilikuwa ikifanya kazi mbele yangu.

Makala ya pili humu inanipinga: mwandishi anashikilia uchambuzi wa Bigand na Tillmann wa 2022, waliozipitia upya takwimu za Sala na Gobet na kuona faida ndogo ingali ipo. Ameandika vizuri, isomeni. Ya tatu inahusu tarumbeta na vijana wa mitaani. Ya nne ni ya gharama za nyuzi.

Ya kwanza nimeiweka ya mwalimu wa kwaya anayeeleza anavyowapima wanafunzi wake. Katikati ya wimbo huacha kupiga kinanda bila kuwaonya, nao huendelea kuimba peke yao. Ubeti ukiisha hubonyeza noti moja tu, kusikia kama sauti zimeshuka.