Timu ya roboti: ya shule ama ya mtaa? Uliza kwanza nani ana ufunguo

Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026, na serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi na teknolojia. Kwa hivyo usishangae ukisikia watoto wa Kimilili wakibishana kuhusu mota na sensa vile watu hapa hubishana kuhusu hoki ya Kamusinga. Tuseme mko wanane na mnataka kuunda timu ya roboti. Mnaiweka chini ya shule ama mnajisimamia?

Wengi watakwambia shule, na wana sababu. Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, yale ya KSEF, huanza kaunti ndogo, yakapanda kaunti, kanda, kisha taifa. Mlango wa kuingia ni shule. Bila mwalimu wa kuwaandikisha, hata roboti yenu iwe inapika ugali, hamtapita. Angalia shule ya kutwa ya Keriko kule Njoro. Haikuwa na maabara ya maana, lakini ilikuwa na mwalimu Peter Tabichi na klabu ya sayansi. Mwaka 2019 wanafunzi wake walifuzu kwa maonyesho ya kimataifa ya ISEF kule Arizona, Marekani, na yeye mwenyewe akashinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja.

Sasa geuza sarafu. Mwaka 2020 shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, mvulana wa miaka 9 wa hapa kwetu Bungoma alitengeneza mashine ya kunawa mikono, ya kukanyaga kwa mguu. Mbao zilikuwa za babake, alizonunua atengeneze fremu ya dirisha. Mtoto akatuzwa na Rais. Angekuwa anangoja klabu ya shule ifunguliwe, angengoja hadi mwaka uliofuata. Mbao zilikuwa nyumbani na hakuna aliyezifungia stoo.

Hapo ndipo shida ya timu za shule iko. Vifaa hukaa kabatini na ufunguo uko kwa mlezi wa klabu. Shule ikifungwa, roboti pia inaenda likizo. TSC ikimhamisha huyo mwalimu muhula wa pili, klabu inaondoka naye. Na mwanachama akitumwa nyumbani kwa karo, anapoteza darasa na timu kwa siku moja. Hii ya mwisho naijua. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, kadi yangu ilikataa kufungua mlango wa maabara siku hiyohiyo. Kazi niliyokuwa nimefanya humo ndani ilibaki humo ndani.

Lakini kujisimamia nako si mteremko. Laptopu ni ya nani? Stima ikipotea mnaenda wapi? Msichana akifika nyumbani saa moja usiku, ni nani atamjibu mamake? Shule ina jibu la swali hilo, nyinyi bado. Mkitaka kujisajili kama kikundi cha jamii, sheria ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na mfadhili hatampa mtoto wa miaka 14 pesa mkononi. Lazima mtu mzima atie sahihi.

Tena si kila mashindano yanataka shule. FIRST LEGO League inakubali hata timu ya majirani, mradi kuwe na makocha watu wazima. FIRST Global, yaliyoanza Washington mwaka 2017, huchukua timu moja kwa kila nchi.

Kwa maoni yangu, ingieni kupitia shule, ila msiiachie shule kila kitu. Kabla ya kununua hata waya mmoja, andikeni karatasi moja, itiwe sahihi na mwalimu mkuu, mlezi wa klabu na mzazi mmoja. Iseme mambo matatu. Kwanza, vifaa vya shule ni vya shule, vya michango ni vya timu, na orodha iwepo. Pili, programu zote ziwekwe kwenye akaunti ambayo zaidi ya mtu mmoja ana nywila yake. Tatu, Jumamosi na likizo timu inakutana nje ya shule, iwe kanisani, maktaba ama kwa fundi wa simu pale sokoni, na aliyetumwa karo bado ni mwanachama.

Mwalimu mkuu akikataa kutia sahihi, msigombane naye. Angalau mmejua mapema, kabla wazazi hawajachanga, kwamba roboti hiyo haitakuwa yenu.