Rimu Kubwa, Mwendo Mdogo: Tupige Hesabu Kabla ya Kupiga Picha

Kuna imani moja imeshika sana kwa vijana wa kwetu Kigoma: gari likivaa rimu kubwa, linachomoka. Kaa kijiwe chochote cha Mwanga jioni, Altezza na Subaru zinapopita kuelekea Ujiji, utaisikia. Utaisikia hata huku chuoni, kwenye vyumba vya hosteli, tena kutoka kwa watu waliofaulu Fizikia vizuri tu kidato cha nne. Mimi nasema imani hiyo si kweli. Inakula pesa ya vijana ambao hawana pesa ya kuchezea, na kwa milima ya kwetu inaweza kula na watu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hesabu ya kuipinga tumefundishwa wote, tukaiacha kwenye chumba cha mtihani.

Tuanze na tairi lenyewe. Pembeni pameandikwa, kwa mfano, 205/55R16. Hiyo 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni asilimia: urefu wa ubavu wa tairi ni asilimia 55 ya ule upana, yaani karibu milimita 113. R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo kipenyo cha gurudumu zima ni rimu (milimita 406) ukijumlisha ubavu wa juu na ubavu wa chini (milimita 226). Jumla ni milimita 632.

Sasa angalia walivyofanya Toyota na Altezza, gari waliloanza kuliuza mwaka 1998 na ambalo vijana wetu wanalipenda mpaka leo. Zipo Altezza zilizotoka kiwandani na 205/55R16, na zipo zilizotoka na 215/45R17. Rimu imeongezeka inchi nzima. Je, gurudumu limekuwa kubwa? Piga hesabu: 215/45R17 ina kipenyo cha milimita 625 hivi. Limepungua milimita saba! Rimu ilipopanda, ubavu wa tairi ukashuka, na jumla ikabaki pale pale. Mainjinia hawakufanya hivyo kwa bahati. Walijua kwamba gia, breki na spidomita vyote vimepangwa kufuata kipenyo cha gurudumu zima, si namba ya rimu.

Mtaani ndipo tunapopotea. Muuzaji anakutajia inchi 18, wewe unaziona zinang'aa, biashara imeisha. Tairi unavaa lililopo, jipya au mtumba. Ukibahatika kupata 225/40R18, kipenyo chako ni milimita 637, tofauti haifiki hata asilimia moja. Hapo hujaharibu kitu kikubwa. Lakini lililopo dukani likiwa 235/50R18, lililokuja kwa ajili ya gari kubwa zaidi, kipenyo kinafika milimita 692. Ni asilimia 9.5 zaidi. Halienei kwenye fenda, basi gari linanyanyuliwa kwa spesa, fenda zinakunjwa, na rimu bado ni ile ile ya inchi 18. Kijiweni wote wawili watasema "nimeweka kumi na nane", wakati ni magari mawili tofauti kabisa.

Nini kinatokea kwa huyu wa pili? Injini haijabadilika. Inazungusha ekseli kwa momenti ile ile. Ila momenti ni kani mara umbali, na umbali hapa ni nusu kipenyo cha gurudumu. Umbali ukiongezeka kwa asilimia 9.5, kani inayosukuma barabara inapungua kwa karibu asilimia 9. Yaani kila gia imekuwa nzito. Anayebeba madumu ya mawese kwa baiskeli kutoka vijijini anaelewa maana yake bila kuandika fomula: gia ikiwa nzito mlimani, unashuka unasukuma. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga nao wanaelewa. Ukiifunga injini ya boti pangaboi kubwa kuliko uwezo wake, boti haiongezi mwendo, bali injini inagugumia na kushindwa kufikia mzunguko wake. Gurudumu ndiyo pangaboi ya gari.

Halafu kuna uzito. Rimu kubwa za bei rahisi mara nyingi ni nzito kuliko zile ndogo zilizokuja na gari, na uzito wa gurudumu si sawa na uzito wa begi kwenye buti. Begi unalisukuma mbele tu. Gurudumu unalisukuma mbele na papo hapo unalizungusha, na uzito wake mwingi uko pembeni, mbali na katikati, mahali inesha inapokuwa kubwa zaidi. Kilo moja ukiiongeza kwenye tairi lenyewe, injini inaihisi karibu kama kilo mbili kila unapokanyaga mafuta. Ongeza kilo tano kila gurudumu uone kama gari litachomoka.

Mtu atasema: "Sawa, kuondoka ni zito, lakini kwenye mwendo mkali si gurudumu kubwa linafika mbali kwa mzunguko mmoja?" Kweli linafika mbali, kama injini ina nguvu ya kulizungusha. Gari linapokaribia mwisho wa mwendo wake, kinacholizuia mara nyingi ni upepo, na rimu hazipunguzi upepo. Unachopata mara nyingi ni gari linalokaa gia ya chini muda mrefu zaidi likipanda kutoka stesheni ya reli kwenda Mwanga.

Hayo ya kuchelewa mlimani tungeweza kuyacheka yakaisha. Breki hazichekeshi, na ndizo zilizonifanya niandike.

Spidomita inahesabu mizunguko, haiioni barabara. Gurudumu likiwa kubwa kwa asilimia 9.5, mwendo unaosoma kama 50 ni karibu 55. Unaosoma kama 100 ni karibu 110. Ni kweli spidomita nyingi za kiwandani huwekwa zisome juu kidogo ya mwendo halisi, lakini akiba hiyo unaimaliza yote na pengine kupita. Kwenye makazi sheria yetu inasema kilometa 50 kwa saa. Dereva anamlalamikia askari wa tochi kwamba amemwonea, kumbe aliyemdanganya ni tairi lake mwenyewe.

Sasa unganisha na breki. Nishati ya gari linalokwenda inafuata mraba wa mwendo. Mwendo ukizidi asilimia 9.5, nishati inazidi karibu asilimia 20. Na breki zako, kwa mkanyago ule ule, zinashika gurudumu lenye nusu kipenyo kirefu zaidi, hivyo kani ya kusimamisha inapungua karibu asilimia 9. Gawanya 1.20 kwa 0.91, unapata 1.3 na kidogo. Maana yake, dereva anayesoma 50 ile ile na kukanyaga breki kwa nguvu ile ile aliyozoea, kila mita 20 alizokuwa akizihitaji zinakuwa zaidi ya 26. Anaweza kukanyaga zaidi, ndiyo, kama atawahi kugundua. Mtoto anayevuka barabara Gungu hayupo kwenye hesabu ya dereva. Yupo kwenye zile mita sita.

Na kwa yule anayeshuka kutoka Manyovu kupitia Kalinzi hadi Mwandiga, mteremko baada ya mteremko, ile asilimia 20 ya nishati inageuka joto kwenye diski zile zile ndogo za kiwandani. Juu ya hapo gari limenyanyuliwa, kitovu cha uzito kimepanda, kona zinalilaza. Mchana gari hilo hilo linabeba abiria.

Najua hoja ya upande wa pili, na siyo ya kijinga. Magari ya michezo ya Ulaya na Japani leo yanatoka kiwandani na rimu za inchi 19, hata 20. Formula 1 wenyewe mwaka 2022 walitoka rimu za inchi 13 wakaenda 18. Rimu kubwa inatoa nafasi ya kuweka diski kubwa ya breki, na ubavu mfupi wa tairi unalifanya gari liitikie usukani haraka kwenye kona. Yote sahihi. Lakini gari hilo limechorwa upya kuanzia gia mpaka springi, rimu zake zimepunguzwa uzito kwa teknolojia ya bei mbaya, na lami yake ni laini. Sisi tunachukua rimu tu, tunaacha kazi yote iliyobaki. Diski ndogo ya zamani inaonekana imekaa pweke katikati ya rimu kubwa kama sarafu kwenye sinia.

Kama tunataka kujifunza kwa wanaokimbia kweli, wako jirani. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na siku hizo njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo haswa, ambalo la kawaida lilitoka kiwandani na rimu za inchi 14. Njoo karibu zaidi: mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, magari ya daraja la juu yalitumia rimu za inchi 15 zenye tairi za ubavu mrefu. Magari hayo hayo yakienda kwenye mashindano ya lami huvaa inchi 18. Watu wenye kila kitu, pesa na kompyuta, wakikuta vumbi na mawe wanashuka inchi tatu, kwa sababu ubavu mrefu unameza mashimo. Sisi tuna barabara za vumbi nyingi kuliko lami, halafu tunapanda inchi mbili.

Kwa nini basi kijana aliyefaulu Fizikia anashindwa kubishana kijiweni? Jibu langu kama mwalimu mtarajiwa ni hili. Mzingo wa duara wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ukatukaa. Momenti na inesha tukavikuta sekondari kwa Kiingereza, tukavikariri, tukavitapika kwenye mtihani, vikaisha. Kijiweni hakuna mtihani na hakuna Kiingereza, kwa hiyo elimu yetu haina mdomo. Fundi na muuzaji wanaongea lugha inayoeleweka, basi wao ndio wanashinda hoja, hata wakiwa wamekosea.

Kwa hiyo wenzangu wa ualimu tunaokwenda kufundisha kwa vitendo, ombi langu ni dogo. Peleka tairi kuukuu darasani. Wanafunzi wasome namba, wapige kipenyo, wapige mzingo, walinganishe mawili, waseme spidomita itadanganya kwa kiasi gani. Kipindi kimoja kinatosha, na hakuna maabara inayohitajika.

Na wewe unayesubiri bumu au mshahara wa kwanza uvalishe gari la kaka yako: fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo mara nyingi kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Anza na namba hiyo. Ukitaka rimu kubwa, chukua, lakini mwambie muuzaji akupe tairi ambalo kipenyo cha jumla hakizidi cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia mbili au tatu, na uzipime rimu kwenye mizani kabla ya kulipa. Akikwambia "inchi ni inchi tu", toa simu yako, fungua kikokotoo, mpigie hesabu hapo hapo mbele ya wateja wake.