Bomu Halina Habari ya Sulhu

Tarehe 4 Oktoba 1992, mjini Roma, Serikali ya Msumbiji na wapinzani wake wa RENAMO walitia saini mapatano ya sulhu, na vita vilivyokuwa vimeitafuna nchi ile kwa muda wa miaka 15 vikakoma. Walakini mkulima aliyerejea kwao kutoka kambi za wakimbizi, jembe begani na mbegu katika fundo la kanga ya mkewe, alikuta shamba lake lingali vitani. Bomu lililotegwa ardhini halina habari ya sulhu. Halikuambiwa kwamba askari aliyelifukia amekwisha kuvua magwanda akarudi kwa mamaye, wala halipambanui kati ya buti la adui na wayo wa mtoto anayekwenda kuokota kuni. Hukaa pale pale chini ya udongo, kiangazi na masika, miaka 20, miaka 30, likingoja mguu wowote utakaolikanyaga.

Nimelazimika kuyakumbusha haya kwa sababu katika mwaka 2025 nchi tano za Ulaya, yaani Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland, ziliamua kujitoa katika Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 unaoharamisha silaha hii. Hoja yao ni kwamba jirani yao ni mwenye nguvu na tamaa, na kwamba mabomu ya ardhini ni ngao ya mnyonge. Hofu yao siidharau hata kidogo, maana wameona kwa macho yao yaliyowafika watu wa Ukraine. Lakini hoja yenyewe ya ngao, sisi wa upande huu wa dunia tumekwisha kuisikia zamani, na athari zake zilionekana ng'ambo tu ya mto Ruvuma.

Wareno walipoitawala Msumbiji waliyatega mabomu kando ya mto ule wa mpaka ili kuwazuia wapiganaji wa uhuru wa FRELIMO waliokuwa wakivuka kutoka kwetu Tanzania. Wakalizungushia bwawa la Cahora Bassa pete ya mabomu ili lisihujumiwe. Baada ya uhuru, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, serikali mpya nayo ikayatega chini ya minara ya umeme, kwa nia hiyo hiyo ya kulinda. Kila aliyetega alikuwa na sababu, na aghalabu sababu yake ilikuwa ya kujihami. Ila walinzi walipoondoka, ramani ama hazikuwahi kuchorwa ama zilipotea, mvua zikauhamisha udongo pamoja na kilichomo, na waliobaki kuikabili ile ngao wakawa ni wanawake wenye mitungi na wachungaji wa mbuzi.

Nao msiba haukomi kwa yule aliyekatika mguu. Bomu moja, wakati mwingine uvumi mtupu wa bomu moja, hutosha kulifunga konde zima: ng'ombe akisharuka vipande karibu na mbuyu, hakuna atakayelima pale wala kukipita kijia kile kwenda kisimani, na ardhi ya rutuba iliyo kando ya mto huachwa ikaota kichaka, huku wenyewe wakikwangua mlima wa mawe na kula kwa msaada wa wageni. Njaa ya namna hiyo ni vita vinavyoendelea bila mpiganaji, na sijui ni katika hesabu gani ya ushindi inamoandikwa.

Kuyategua ni kazi ya magoti. Mteguaji hupiga magoti mbele ya ukanda wa ardhi wenye upana wa kama mita moja, akapitisha chombo chake cha kutafutia chuma, nacho hulia kwa bomu kama kinavyolia kwa msumari, kwa kifuniko cha chupa na kwa ganda la risasi. Na kila kinapolia hana budi kuchimbua polepole kwa ubavuni, kana kwamba kila mlio ni mauti. Ndiyo maana naona fahari kubwa kwa kazi iliyozaliwa Morogoro, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa baruti. Nilifika huko alfajiri moja, maana panya hawa hawastahimili jua, nikamwona mmoja akipakwa mafuta masikioni kama mtoto anayepelekwa shule, kisha akafungwa mshipi uliounganishwa na kamba iliyoshikwa na walimu wawili, huyu upande huu na huyu upande ule. Akaenda akinusa, akarudi, akaenda tena. Mara akasimama na kuparua udongo kwa kucha zake za mbele. Mwalimu akabonyeza kidude kikalia "tak", na panya akakimbilia kipande chake cha ndizi. Bomu lilikuwapo pale, la mazoezi. Panya hashughulishwi na misumari, na uzito wake ni mdogo mno kulilipua. Eneo linalotoshana na uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa, ambalo mtu na chombo chake aweza kulishughulikia hata siku nne. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro na kupelekwa Kambodia, alifichua mabomu na zana nyingine za vita zaidi ya 100, akatunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020.

Hata kwa msaada wa panya na wa maelfu ya magoti, Msumbiji haikuweza kutangazwa kuwa huru na mabomu hayo ila tarehe 17 Septemba 2015, takriban miaka 23 baada ya sulhu ya Roma. Angola, ambako bunduki zilinyamaza mwaka 2002, ingali inateguliwa mabomu, na panya wa Morogoro wamo kazini huko.

Kwa hiyo naisihi Serikali yetu, iliyo mwanachama wa mkataba huu, isikae kimya. Wajumbe wake wasimame katika mkutano ujao wa nchi wanachama, waziulize wazi serikali zile tano: ni nani mtakayempeleka kupiga magoti katika mashamba yenu, na kwa miaka mingapi? Na kama hawana jibu, wawaalike Morogoro alfajiri.