Meli ya raha kwenye milango ya machozi

WAHENGA walisema tembea uone. Mimi huongeza kwamba ukishaona, uliza.

Juzi Jumamosi binti ya kaka yangu, mwanafunzi wa sekondari, alinitembelea nyumbani akiwa amekumbatia vitabu vyake vya historia, maana mtihani umekaribia. Mezani nilikuwa nimeacha kijitabu cha matangazo ya meli za kitalii, chenye picha za bahari ya samawati na wazee wa Ulaya waliovaa kofia pana. Kilikuwa kikinadi safari ya kupita pwani ya Afrika Magharibi: Dakar, Banjul, Takoradi, Lomé hadi Cotonou. Msichana aliyafuata majina hayo kwa kidole, akafungua daftari lake, kisha akanitazama.

"Shangazi, si bandari hizi ndizo tulizofundishwa kwenye biashara ya utumwa? Hivi kweli mtu hulipa pesa apelekwe mahali wenzake walipofungwa minyororo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwongezea chai ili nipate nafasi ya kufikiri. Leo, msomaji mpenzi, nakualika tupande meli hiyo sote, angalau kwa mawazo, tulitafute jibu lenyewe.

Hoteli inayoelea

Meli ya aina hii ni hoteli inayoelea. Ina vyumba vya kulala, mikahawa, bwawa la kuogelea na ukumbi wa muziki. Usiku husafiri, na alfajiri abiria huamka wakiwa katika nchi nyingine. Mabasi huwa yamekwisha kupangwa gatini pamoja na waongozaji wao. Matembezi ya nchi kavu mara nyingi hulipiwa kando, juu ya nauli, na jioni ni lazima kila mtu awe amerudi kabla nanga haijang'olewa.

Nyingi za safari hizi hufanywa katika miezi ya kiangazi cha huko, kati ya Novemba na Machi, wakati upepo mkavu wa harmattan unapovuma kutoka jangwani. Anayetaka kwenda asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Ghana, kwa mfano, hukidai. Aidha, awe tayari kubadilisha pesa mara kwa mara: faranga za CFA nchini Senegal, Togo na Benin, dalasi nchini Gambia na sedi nchini Ghana.

Wenzetu wa kale walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa meli hamalizi hata siku moja, basi jembe atapewa lini? Hapo ndipo ugumu ulipo. Katika saa sita au saba anatakiwa aelewe mambo yaliyochukua karne nne.

Nyumba ya Gorée

Kituo cha kwanza ni Dakar. Kutoka bandarini, feri huchukua dakika kama ishirini hivi kufika kisiwa cha Gorée, ambacho hakina magari. Nyumba zake ni za rangi za kupendeza, na maua yametambaa kutani. Katikati ya uzuri huo ipo Nyumba ya Watumwa, iliyojengwa miaka ya 1770. Ina ngazi mbili zilizopinda kama mikono inayokumbatia, na chini yake vyumba vyenye giza. Nyuma kabisa upo mlango mdogo unaotazama bahari tupu. Nelson Mandela alifika hapa mwaka 1991, na Papa Yohana Paulo wa Pili mwaka 1992.

Hata hivyo, mzazi anayempeleka mtoto pale amweleze pia kwamba wanahistoria wamebishana sana kuhusu nyumba hii. Wapo wanaosema kwamba watumwa waliopita Gorée walikuwa wachache kuliko ilivyokuwa ikisimuliwa, na kwamba wengi zaidi walipitia bandari nyingine. Je, hilo linaifuta huzuni ya Gorée? Hata kidogo. Kinachokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa katika meli za Atlantiki, na karibu milioni 10.7 ndio waliofika ng'ambo wakiwa hai. Fanya hesabu mwenyewe ujue ni wangapi waliozikwa na maji.

Huko Gambia, abiria hupelekwa kwa mashua kuupanda mto hadi kijiji cha Juffureh na kisiwa kilichoitwa James hadi mwaka 2011, kilipopewa jina la Kunta Kinteh, yule ambaye mwandishi Mmarekani Alex Haley alimfanya maarufu katika kitabu chake cha mwaka 1976.

Ngome kongwe kuliko yetu

Pwani ya Ghana haina ghuba nyingi za asili kama Kilindini yetu. Mawimbi huja moja kwa moja kutoka baharini na kuvunjikia ufuoni, na zamani abiria na mizigo walishushwa kwa mitumbwi. Ndiyo sababu meli hutia nanga Takoradi, bandari ya kina kirefu iliyofunguliwa mwaka 1928, kisha watu wakapanda mabasi kwenda Elmina na Cape Coast.

Sisi wa Kenya hujivunia Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Sasa sikia: ngome ya Elmina ilijengwa na Wareno haohao mwaka 1482, yaani miaka 111 kabla. Walianza kwa kutafuta dhahabu, baadaye ngome ikawa ghala la watu. Waholanzi waliwanyang'anya mwaka 1637, na Waingereza wakaichukua mwaka 1872. Ndani upo ua walimofungiwa wanawake, na juu yake ipo roshani ambapo gavana alisimama akichagua wa kupelekewa chumbani.

Cape Coast ina jambo linaloumiza zaidi. Kanisa lilijengwa juu ya shimo walimofungiwa wanaume. Wenye ngome walimwimbia Mungu wakiwa juu, na chini ya miguu yao binadamu walikuwa wakikosa hewa.

Mwongozaji huwapitisha wageni kwenye Mlango wa Kutorudi, wakatokea ufuoni ambako wavuvi wa leo hushona nyavu na watoto hucheza mpira. Wakigeuka wanaona bango upande wa nje wa mlango uleule, limeandikwa kwamba huu ni Mlango wa Kurudi. Mwaka 1998 mabaki ya watu wawili waliokuwa watumwa, mmoja kutoka Marekani na mwingine kutoka Jamaika, yaliingizwa tena kupitia mlango huo, kisha yakazikwa katika ardhi ya Ghana. Waliotolewa kwa minyororo walirudishwa kwa heshima.

Waliouza na waliotoroka

Tukifika Benin tunakutana na ukweli ambao wengi wetu hatupendi kuuzungumza. Katika mji wa Ouidah ipo njia ya kilomita kama nne hivi, kutoka mjini hadi ufuoni, ambako lango kubwa la ukumbusho lilijengwa mwaka 1995. Mateka wengi waliopita njia hiyo walitekwa na kuuzwa na wafalme wa Dahomey, Waafrika wenzao. Mwaka 1999 Rais wa Benin, Mathieu Kérékou, alikwenda Marekani akawaomba radhi wazao wa waliouzwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa na ujasiri wa kuikung'uta nguo hadharani.

Karibu na Cotonou, kwenye ziwa Nokoué, upo mji wa Ganvié. Nyumba zake zimesimama juu ya nguzo majini, na watu huenda sokoni kwa mitumbwi. Watalii huupenda sana kwa picha zake. Ila mji huo haukujengwa majini kwa urembo. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba wazee wao walikimbilia humo kwa sababu imani ya wapiganaji wa Dahomey iliwakataza kushambulia watu wa majini. Kwa hivyo Ganvié ni mji wa waliokataa kuuzwa, na bado wapo. Si ajabu kwamba baadhi ya akina mama wa huko hufunika nyuso wanapoona kamera za wageni. Watu waliotoroka kuwa bidhaa hawataki kugeuzwa kuwa maonyesho. Mgeni mwenye adabu huomba ruhusa kwanza, na akinunua samaki au kikapu hubishana bei kwa kiasi.

Jibu la msichana

Nilipomaliza kumsimulia haya, chai yake ilikuwa imepoa. Nilimwambia kwamba kulipa si dhambi. Dhambi ni kwenda, kupiga picha mlangoni ukicheka, na kurudi mezani kwa chakula cha jioni bila kuuliza chochote. Ila anayekwenda akainama mlangoni, akasikia, akarudi kuwasimulia wanawe, huyo amelipa deni ambalo halilipiki kwa fedha peke yake.

Aliwaza kidogo, kisha akauliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza: "Na sisi ambao hatuna pesa za meli, Shangazi?"

Hilo nililijibu haraka. Tiketi ya meli hiyo ni mamia ya maelfu ya shilingi, na familia nyingi za mitaani kwetu zina karo za kufikiria kwanza. Lakini Shimoni iko Kwale, kusini mwa Mombasa, na mapango yake, ambamo husimuliwa kwamba mateka walifungiwa wakingoja majahazi, hayahitaji pasipoti. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hapo zamani mabibi wa mabibi zetu walikuwa wasichana wadogo. Ni wangapi kati yetu waliokwenda pwani Desemba, wakaogelea, wakala viazi karai, wakarudi Nairobi bila kulitaja jambo hilo mbele ya watoto?

Mwacha mila ni mtumwa, husema methali. Nadhani asahauye watumwa wake naye yumo njiani kuwa mmoja wao.

Msichana aliandika kitu daftarini, akaomba mandazi mengine. Likizo ijayo tumekubaliana kwenda Shimoni, mimi na yeye, na kaka yangu akitaka atufuate. Nawe, mzazi mwenzangu, utawapeleka wapi wanao? Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.