Banda si Badala ya Nyumba



Hapa Bura jua halina huruma, na chumba cha mabati saa nane mchana hakikaliki. Ndiyo maana wengi wetu tumejijengea banda uani: nguzo, boriti, fito, na majani ya mkoma juu yake. Mtu mmoja haliwezi. Boriti yataka mabega mawili, na wa tatu wa kufunga kamba. Basi huita rafiki zake Jumapili, akawapikia, na jioni banda limesimama.

Nguzo twazikata katika mathenge, mti ulioletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 uwe kuni, nao sasa umetuzidi. Ni wa kombokombo, na miiba yake hutoboa hata matairi, lakini ni mgumu. Shimo lipite goti, na udongo ushindiliwe kidogo kidogo. Hapo ndipo wavivu hujulikana.

Msaada huu twausifu. Tusilolikubali ni mwajiri kuliona banda akasema kwamba tumekwisha pata makao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka atoe nyumba ya kufaa au fedha ya kutosha kodi, isipokuwa pale ambapo mkataba umekwisha ijumlisha kodi katika mshahara. Rafiki zetu walichimba mashimo kwa ajili yetu, si kumpunguzia yeye deni.

Asiyepata nyumba wala kodi alete karatasi zake za mshahara kwa mwakilishi wetu, za miezi mitatu, tuzisome pamoja.