Mgonjwa wa Akili Naye Ana Moyo

Shirika la Afya Duniani limebainisha kwamba watu wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine. Wengi huangamizwa na magonjwa yanayozuilika: ya moyo, kisukari na maambukizi. Baadhi ya dawa wanazozihitaji, kama vile olanzapini na klozapini, huongeza uzito na sukari mwilini. Hiyo si hoja ya kuziacha, bali ni hoja ya kuwapima wanaozitumia.

Hata hivyo, mara nyingi mgonjwa huulizwa kliniki kama analala na kama bado anasikia sauti, hupewa dawa za mwezi, kisha huondoka bila kupimwa shinikizo la damu. Akilalamikia maumivu ya kifua, hudhaniwa kuwa ni maradhi yake yaleyale.

Mizani, utepe wa kupimia kiuno na kipimo cha sukari si vifaa vya hospitali za rufaa pekee. Vitumike pia katika kliniki ya akili, katika kila hudhurio. Kinga ni bora kuliko tiba, na wasemao hivyo hawakumtenga mgonjwa yeyote.